Majani Yasiyo na Mbuzi

Nilipokuwa mtoto, neno mazuku halikutamkwa nyumbani kwetu Papa akiwa karibu. Papa alikuwa shemasi, tena shemasi aliyeokoka ukubwani, na hao ndio wakali. Kwake mazuku yalikuwa upagani sawa na hirizi. Mama yake, tuliyemwita Koko, alisali naye kila Jumapili, ila mazuku aliyaamini vilevile. Alitufundisha kwa siri kwamba ni upepo mbaya, roho za waliokufa bila kuzikwa, zinazotambaa mabondeni zikitafuta aliyelala.

Vita vilipotufukuza kwetu Masisi, tulishuka kwa miguu hadi mtaa wa Lac Vert, karibu na Goma. Wakimbizi walikuwa wamejaa kila mahali juu ya mawe meusi ya volkano. Nasi tulikuwa Papa, Mama, Koko, mimi na mdogo wangu Baraka, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutaja jina langu bila kulikata. Papa alisimama kando ya barabara, akafumba macho, akamwomba Mungu atuonyeshe pa kulala. Alipofumbua, aliona bonde dogo lenye majani mabichi, laini, na ndani yake hapakuwa na mtu hata mmoja.

"Bwana ametutengenezea nafasi," alisema. Mimi niliamini. Nani asingeamini, baada ya safari ile?

Koko aligoma kushuka. "Mahali iko majani na hakuna mbuzi, mwanangu, ujiulize kwanza. Hawa bantu bote ni wajinga, banaacha majani banalala ku mawe?"

"Mama, ile ni mambo ya shetani. Nikiogopa mazuku, nitakuwa nimemukana Bwana."

"Basi lala wewe. Unipe batoto."

Akanishika mkono mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa karibu. Baraka alikuwa amesinzia begani kwa Papa, na Papa alikwisha kuanza kuteremka. Mama alitutazama, akamtazama mumewe, akamfuata.

Walimlaza Baraka juu ya kitenge, wakasimama pembeni yake wakaanza kuomba, maana kanisani kwetu maombi ya shida huombwa kwa kusimama. Nililala mapajani kwa Koko juu ya jiwe, nikisikia sauti ya Papa kule chini: turudi au twende mbele, Bwana, sema nasi. Hawakuketi hadi alfajiri.

Kulipopambazuka Papa aliinama kumwamsha Baraka. Pumzi ikamkatika, akaanguka, Mama akamwinua kwa koti. Wanaume wa pale walikuja mbio, wakabana pumzi, wakamtoa mtoto. Uso wake ulikuwa mtulivu, bila jeraha lolote.

"Muzee," mmoja alimwambia Papa kwa upole, "hapa mutu halalaka."

Koko alimpokea Baraka, akaweka sikio kifuani pake, kisha akamfunika.

Baadaye shuleni nilifundishwa kuwa ni gesi itokayo ardhini, nzito kuliko hewa, hivyo hukaa chini. Koko alikosea kuhusu roho, na hakukosea kitu kingine chochote. Watu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu; kwetu aliyekataa kusikia alibaki na miguu yake yote miwili. Kinachoniuma zaidi ni kwamba maombi kweli yaliwaokoa. Wangalilala, wangalikufa. Waliponea kwa kusimama mbele za Mungu, na mtoto akafa miguuni pao. Papa aliomba uongozi usiku kucha, na uongozi ulikuwa umekaa juu ya jiwe, ulikwisha kumwita "mwanangu". Mimi bado naomba. Ila sielewi kwa nini ilibidi iwe hivyo, na sitajifanya naelewa.

Vita viliporudi Goma, Papa, mzee sasa, alitukusanya kwangu, mtaani Ndosho, tuamue kukimbia au kubaki. Aliomba kwa ufupi. Baada ya amina alimgeukia kila mmoja wetu, mpaka binti yangu asiyejua hata kufunga viatu.

"Na weye, unaona namna gani?"

Mtoto akasema hajui. Papa akaendelea kumngojea kwa adabu, kama mtu anayengoja mbele ya mkubwa wake. Nilitoka nje nikalia, kwa sababu Koko alikufa zamani, na swali hilo hakuwahi kuulizwa.