Mikebuka, Ndagala na Barua ya Karipio

Siku ya kwanza kazini, katika kituo chetu kidogo cha utafiti wa ziwa hapa mjini Baraka, nilipewa ndoo, kisu na meza iliyokuwa ikiyumba. Chef de station, yaani mkuu wa kituo, alinionyesha dirisha linalotazama ziwa, akasema, "Kazi yetu ni kuandika rapport. Batu ba inje habana lazima ya kujua kila kitu." Nikaitikia, ndiyo chef. Nilikuwa kijana, nikadhani hiyo ndiyo adabu ya sayansi.

Kwa miaka mingi nilichukua sampuli, yaani kiasi kidogo cha maji au samaki kinachopimwa badala ya ziwa zima. Mwanzoni tulihesabu viumbe vidogo vya majini. Baadaye wavu wetu ulianza kuleta nyuzi za nailoni na vipande vya sashe, vile vifuko vya plastiki vya maji ya kunywa. Nilipopasua mikebuka, wale samaki wakubwa kiasi, nikakuta vipande hivyo tumboni. Niliandika ripoti, nikaandika nyingine. Hakuna ofisi ya juu iliyojibu hata moja, na hasira yangu ilianzia hapo.

Hatimaye chef alikubali niseme redioni. Niliandika kurasa mbili: plastiki tumeikuta kwa mikebuka, matumbo yao mnayatupa, ndagala, wale dagaa wadogo, bado hatujawapima. Chef alichukua kalamu.

"Ni murefu. Sema samaki, batu bataelewa."

"Lakini chef, ndagala tunawala wazima, na tumbo lao. Watu wataogopa."

"Dakika tatu, monsieur. Soma vile nilikata."

Nikasoma vile alivyokata: samaki wa ziwa wana plastiki. Sijawahi kujisamehe.

Wiki haikuisha, Mama Riziki wa kijiji cha Swima akasimama mlangoni pa kituo na gunia la ndagala kichwani. Alikuwa akikausha ndagala ufukweni na kuwapeleka Kilembwe, kule mbali na ziwa.

"Weye njo ulisema mu radio kama samaki yetu iko na plastiki? Bale ba Kilembwe balirudisha gunia zangu zote. Batoto yangu batakula nini?"

"Mama, nilikuwa nasema mikebuka."

"Na mukebuka iko nakula nini? Iko nakula ndagala! Ulizipasua?"

Sikuwa nimewapasua. Mwanamke ambaye hajawahi kukanyaga maabara aliniuliza swali ambalo mkuu wangu, na vyeti vyake ukutani, hakuniuliza.

Nilitaka kuwapima ndagala wake kwao, lakini chef alikataa mikroskopu itoke bila ruhusa ya maandishi. Nikaifunga kwa kitenge, nikapanda pikipiki hadi Swima. Asubuhi nzima nilipasua ndagala wa Mama Riziki mbele ya wanawake wenzake, kila mmoja akachungulia kwenye lenzi. Katika matumbo tuliyofungua hatukuona plastiki. Juu ya ngozi, lakini, kulikuwa na nyuzi za buluu.

Mama Riziki alichungulia tena kwenye lenzi. Kisha akageuka kuangalia magunia ya nailoni yaliyotandazwa ufukweni, ambayo wote hutumia ili ndagala wasishike mchanga.

"Hii nyuzi ni ya gunia zetu," akasema. "Jua linazikula, zinaachia samaki nyuzi."

Hakuna aliyewahubiria. Siku chache baadaye walikuwa wamefunga vichanja vya matete, wakayatupilia mbali magunia. Redio yangu ya dakika tatu haikufanya hata robo ya hayo.

Nikaenda naye Kilembwe kueleza niliyoyaona. Muuzaji mmoja wa mihogo alinikatiza: "We njo wa radio? Basi kula, tuone." Nikala ndagala mkavu, kichwa na tumbo, mbele ya soko zima. Wengine walicheka wakanunua. Wengine waliondoka na vikapu vitupu, kwa sababu hofu niliyoipanda mimi ilikuwa imeshaota mizizi.

Kuhusu mikroskopu, jibu la ofisi ya juu lilikuja haraka ajabu: barua ya karipio, mihuri mitatu, kwa kutoa chombo cha serikali nje na "kuaibisha kituo sokoni". Ofisi iliyokaa kimya miaka yote juu ya plastiki ilipata wino siku hiyo.

Nimestaafu sasa. Watu huniambia hasira si nzuri kwa mzee. Waende Swima wakamwambie Mama Riziki, ambaye mpaka leo hajapata nusu ya wateja wake, na ziwa bado linaletewa sashe kila mvua ikinyesha. Nyinyi mnaoingia kazi hii, mkuu akishika kalamu ili afupishe maneno yenu, ishikeni kalamu hiyo mkono wake ukiwa bado juu ya karatasi. Mimi nilisema ndiyo chef, na aliyelala njaa si mimi wala si chef.