Malkia wa Chumba Namba Kumi na Moja

Miaka ishirini na sita Bi Pasi alinyoosha mashuka ya hoteli ile, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kupanda ngazi zake. Kazi yake ilikuwa chini kabisa, kwenye chumba chenye joto la kuchemshia mayai, na mashuka yalimshukia kwa vikapu. Basi vyumba akavijua kwa mashuka yake. Huyu wa namba saba anavuta sigara kitandani. Wa namba tatu analala na viatu. Hawa wa namba tisa wamenuniana, maana shuka limekunjamana upande mmoja tu. Mumewe ndiye aliyekuwa juu, mhudumu wa vyumba, na jioni wakirudi nyumbani kwa miguu walikuwa wakilinganisha habari, mke za mashuka, mume za wenye mashuka.

Baadaye hoteli ikafungwa, popo wakahamia, na mume naye akatangulia mbele ya haki. Halafu wakaja wenye uwezo na mafundi wao, wakalifufua jengo lile la enzi za wakoloni, dari mpaka sakafu. Kabla ya kuanza kupokea wageni wakawaalika wafanyakazi wa zamani walale siku moja bure, kila mtu na mwenzake. Bi Pasi akamchukua wifi yake, dada wa marehemu, mwanamke asiyejua kunyamaza.

Mapokezini, ndani ya kisanduku cha kioo, palikuwa na daftari. Bi Pasi akainama, akasogeza miwani.

"Huu mwandiko wa mume wangu," akasema.

Binti wa mapokezi akafurahi kama aliyepata ndugu. Akaeleza kwamba daftari lilikutwa chini ya mbao za sakafu, na humo ndimo walimotoa majina ya vyumba. "Tumeyarudisha yote, bibi. Kila mlango una kibao chake cha shaba."

Wakapanda. Ngazi ya kwanza Bi Pasi aliikanyaga kwa ncha ya kiatu, kama anayejaribu maji. Kwenye mlango wa kwanza akasoma: Bibi Harusi. Ndani, kitanda kilikuwa kimemwagiwa maua.

"Hiki ni cha maharusi," binti akasema.

"Mwanangu, kile kiliitwa Bibi Harusi kwa sababu ya mlango. Ulikuwa haufunguki mpaka uubembeleze."

Mlango wa pili uliandikwa Kisimani, na kuta zimepakwa buluu, zinang'aa. Bi Pasi akacheka mpaka akashika ukuta. Kisimani paliitwa hivyo kwa kuwa dari ilikuwa inavuja.

Namba kumi na moja ndiyo iliyomkata kicheko. Kibao kilisema: Kwa Malkia.

"Inasemekana malkia fulani wa Ulaya alilala humu," binti akasema, safari hii kwa sauti ya chini kidogo.

"Hakulala malkia yeyote. Angelala, shuka lake ningelinyoosha mimi."

Jina lile mumewe hakuwahi kulitaja njiani hata siku moja. Bi Pasi akashuka tena, akaomba kioo kifunguliwe, akapekua ukurasa kwa ukurasa huku wifi akichungulia begani.

*Jumamosi, kwa Malkia. Peke yangu.*

*Malkia mkali leo. Nimekwenda polepole.*

*Kwa Malkia. Asijue mtu.*

Wifi akakohoa. "Kaka yangu huyu huyu? Na masikio yale?"

"Masikio yalikuwa na kosa gani?"

"Nasema tu, huyo Malkia naye alikuwa na moyo."

Bi Pasi hakucheka. Ndoa ya miaka arobaini, na sasa mistari mitatu hii. Akauliza kama anaweza kulala namba kumi na moja. Akapewa ufunguo.

Chumbani, wifi nyuma yake, hakuketi. Alifungua kila droo, akanusa kabati, akapiga magoti na kuangalia uvungu. Kisha akaanza kugonga kuta kwa kidole, kama mnunuzi wa nazi. Karibu na dirisha sauti ikabadilika. Ubao wa pale ulikuwa mpya. Nje, seremala alikuwa anatia mafuta bawaba za mlango wa jirani; Bi Pasi akamwita.

"Baba, hapa palikuwa na nini?"

"Hapo, mama, palitutesa wiki nzima. Nyuki. Kundi zima nyuma ya ubao, masega ndoo nne. Na kuna mtu alikuwa anayarina tangu zamani. Tulikuta kimlango kimekatwa vizuri, kimeshikwa na msumari mmoja."

"Mliwaua?"

"Hapana. Aliletwa mfuga nyuki. Akasema tusihangaike na hao wengine, tumtafute malkia. Akihama yeye, wote watamfuata."

Bi Pasi akakaa kitandani taratibu. Akakumbuka chupa ya asali iliyokuwa inakuja nyumbani kila baada ya miezi, eti mgeni ameiacha. Akakumbuka Jumamosi moja mume alivyorudi jicho limevimba kama embe, akasema amegonga mlango, na yeye akamkanda kwa kitambaa alichokipasha kwa pasi.

"Mimi aliniambia amepigana na mlevi," wifi akasema. "Nikamsifu."

"Lakini kwa nini anifiche mimi?"

"Mkubwa wa wakati ule angejua, si angewachoma nyuki?" seremala akasema.

"Mimi si mkubwa."

"Wifi," dada wa marehemu akasema, kwa upole usio wa kawaida yake, "siri ya asali ile ungeijua asubuhi, chumba cha pasi kizima kingeijua kabla ya chai. Kaka alikuwa anakujua."

Bi Pasi akaipima kauli hiyo. Bega likamtetemeka, likafuata la pili, na kicheko kikamtoka mpaka machozi, na hayo machozi hayakuwa yote ya kicheko.

Alipotulia akajifuta kwa ncha ya mtandio. "Walihamishiwa wapi?"

"Mizinga iko uani, mama, nyuma ya jiko."

Akanyanyuka, akatafuta viatu.

"Unaenda wapi tena?" wifi akauliza.

"Kumsalimia mke mwenzangu," Bi Pasi akasema, na akashuka ngazi bila kushika ukuta.