Vidole Vilivyosimama na Vilivyolala

Nilianza kufundisha katika mtaa wa Kamalondo wakati jimbo la Katanga limejitangazia uhuru, mji wetu ukiwa bado unaitwa Elisabethville. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nikapewa watoto wa mwaka wa kwanza, hamsini na wawili, walioniita Metresi, yaani mwalimu wa kike, na sauti yangu haikufika dawati la nyuma.

Nilitaka wajue namba zinazoungana kuwa kumi, nilizoziita marafiki: saba na tatu, sita na nne. Nikaokota vifuniko vya bia mbele ya baa za jirani, nikaviosha, nikawagawia. Wengi walishika upesi. Lakini binti mmoja wa fundi cherehani kutoka Kasai alirudi kwenye moja kila mara. Nikiongeza kifuniko juu ya sita, anaanza upya: moja, mbili, tatu. Sikumkemea, ila nilihema kwa nguvu, naye alisikia.

Asubuhi moja risasi zikalia upande wa stesheni. Niliwaingiza watoto chini ya madawati, nikalala sakafuni katikati yao. Baadhi walilia. Sala zote zilinitoka kichwani, basi nikanyoosha mikono, vidole vitatu nimevikunja.

"Bidole ngapi bimesimama?"

"Saba!"

Yule binti alikuwa ubavuni mwangu. Akavigusa vidole nilivyovikunja. "Metresi, saba bimesimama, tatu bimelala."

"Na nikiamusha kimoja?"

Safari hii hakuanza kwenye moja. "Munane bimesimama. Bya kulala bimebakia mbili." Akacheka. "Kimoja kikiamuka huku, kule kinapunguka!"

Nikanyoosha vyote. "Na sasa?"

"Kumi. Kya kulala hakiko." Akakunja uso. "Basi kumi haina rafiki?"

"Iko naye. Sifuri."

"Sifuri njo nani?"

"Njo kitu hakiko!" akajibu mwenzake kutoka chini ya dawati la pili, na darasa zima likacheka huku risasi zikiendelea.

Miezi michache baadaye, watu wa Kasai walianza kushambuliwa mjini kama wageni, wakaogopa kulala majumbani mwao, wakakimbilia kambi nje ya mji. Mama wa yule binti alikuja kuniaga, furushi kichwani.

"Metresi, huyu mutoto anatuchokesha. Kila saa: sahani ngapi biko ku meza, ngapi bimebakia mu kabati."

Alitaka kutabasamu, akashindwa. Nikamshika mikono.

Jumamosi moja nilipeleka mikate kambini. Nilizunguka sana kati ya vibanda vya magunia, mpaka yule binti akaniona kwanza. Alikuwa amekonda. Hata hakunisalimu.

"Metresi, makumi mbili nayo iko na barafiki?"

Tuliketi kwenye vumbi, tukawatafuta mpaka jua likapinda. Yeye ndiye aliyegundua kwamba kumi na tatu inaenda na saba. Nikamwambia kweli kabisa, mimi nilikuwa sijafikiria kuwafundisha hayo.

Yeye na familia yake walisafirishwa kwenda Kasai kabla sijarudi tena kambini. Nililia nyumbani, jikoni, dada yangu akidhani ni vitunguu. Darasa lililofuata nililifundisha polepole zaidi, na mtoto akianza upya kwenye moja, nilimngoja.