Nilivyosilimishwa kwa Ajili ya Fitri

Mtu wa dini akifanya uchafu wake hapa Kibiti, hakosekani wa kusema, "Dini usiitazame kwa watu wake." Husema kwa upole, kama anayefunika chungu kilichovunda. Mimi ni bibi kizee. Herufi hizi nimejifunza juzijuzi kwenye kisomo cha watu wazima, na nimeswali kwa miaka mingi kuliko umri wa mwalimu aliyenifundisha kuziandika, lakini maneno hayo bado yananitia kinyaa. Sisemi kwamba ni ya uongo. Nasema kwamba mara ya kwanza niliyasikia kwa mtu aliyekuwa akinywesha watu maji.

Nilizaliwa Umatumbini, kwenye vilima vya kusini mwa mto Rufiji. Nilikuwa nakaribia kuvunja ungo wakati hongo alipofika kijijini kwetu. Hongo ndiye aliyekuwa mjumbe wa ile dawa ya vita. Aliwapanga wanaume, akawanyunyizia maji, akawanywesha, akawapa masharti: wasilale na wake zao, wasichukue mali ya adui. Risasi za Wajerumani, alisema, zitakuwa maji matupu. Baba aliamini. Alikuwa mtu wa kucheka sana, akaenda vitani akicheka, na waliorudi walisema risasi ilimwingia chini ya kwapa. Mama akamfuata hongo mbele za watu, akamwuliza imekuwaje. Yule mtu hakutahayari hata kidogo.

"Dawa haina kosa," alisema. "Mumeo alivunja masharti. Usiihukumu dawa kwa watu walioshindwa kuishika."

Kama baba alivunja au hakuvunja, nani angejua zaidi ya mkewe? Mama alimtemea mate miguuni, akanishika mkono tukaondoka. Hongo naye aliondoka siku ile ile kwenda kijiji kingine, na huko nako walimpokea kwa ngoma.

Kisha wakaja askari wa serikali. Hawakuja kupigana, maana wanaume wa kupigana nao walikuwa wamekwisha kufa au wamekimbilia porini. Walikuja kuchoma chakula. Adhuhuri ilipofika, watatu kati yao waliuchukua mtungi wetu wakatawadha, wakatandika mkeka wetu uani, wakaswali. Sikuwa nimewahi kuona watu wakiswali karibu namna ile, na nakiri nilipendezwa. Walikuwa watulivu, hawakuwa na haraka, waliinama na kuinuka pamoja. Walipotoa salamu kulia na kushoto, mmoja wao aliukunja mkeka vizuri, akauweka mbali usije ukaungua. Halafu wakachoma ghala.

Mtama wa mwaka mzima uliungua mpaka kesho yake. Harufu yake ilikuwa nzuri, ya bisi, na ndiyo iliyonifanya nitapike.

Tukateremka bondeni kama walivyoteremka wengine, tukila ming'oko, ile mizizi ya porini, mpaka nayo ikaadimika. Nyamwage tulilala siku nne kwa sababu miguu ya mama ilikuwa imevimba. Mtu mmoja akatuvusha mto kwa mtumbwi, akachukua kaniki ya mama kuwa malipo, na mwisho tukafika Mahege, kwenye nyumba ya mwalimu wa chuo cha Kurani. Yeye ndiye aliyekuwa imamu wa pale, na ndiye aliyekuwa na mchele. Alituchukua tumwamie ndege, tuwafukuze wasile mpunga wake. Tukapewa dungu la kukaa, kile kibanda cha juu ya nguzo ndefu katikati ya mashamba, ambako mtu hulinda mpunga na kulala humo humo mafuriko yanapojaa chini. Ujira wetu ulikuwa uji, jioni, mara moja.

Uji tulinywea kwenye vifuu. Mke wa Mwalimu alitueleza mapema, bila ubaya, kama anayemweleza mgeni mahali kilipo choo: mshenzi hali chombo kimoja na Mwislamu. Vifuu vyetu vilichomekwa kwenye ua, nje, upande wa banda la bata. Bata wakivichafua tulivisugua kwa mchanga tukanywea. Siku ya kwanza sikuweza kumeza. Siku ya pili niliweza, na hilo lilinichukiza zaidi.

Lakini Mwalimu alikuwa na sauti. Alipoadhini alfajiri, ikaja juu ya maji mpaka dunguni kwetu, mama alikuwa akiamka na kukaa kimya mpaka iishe. Sikujua anawaza nini. Nilidhani anaogopa.

Mwezi wa Ramadhani ulipokaribia kwisha, Mwalimu aliniita barazani. Sauti yake ilikuwa laini siku hiyo.

"Binti, hutaki kuingia kwenye dini?"

Nikamwuliza kama Mwislamu hula kwenye sahani. Mkewe, aliyekuwa akichagua mchele kando, akacheka mpaka akaweka ungo chini. Mwalimu hakucheka. Akasema ndiyo, Mwislamu hula kwenye sahani.

"Na mama je?"

"Mama yako baadaye. Kwa sasa mmoja anatosha."

Sikuelewa anatosha kwa nini. Kwa siku tatu alinitamkisha shahada, neno kwa neno, mpaka ulimi wangu wa mlimani ukaacha kujikwaa. Siku ya ishirini na tisa niliitamka mbele ya wazee, wakanipa jina jipya na leso nyeupe, wakanipa mkono. Nilirudi dunguni nikikimbia. Mama alinishika uso kwa mikono miwili akaniambia niyaseme tena yale maneno, nikayasema, akaniambia tena. Midomo yake ilikuwa ikinifuata.

Asubuhi ya Idi walinikalisha kwenye mkeka mbele ya msikiti kabla ya swala. Mwalimu akanieleza kwamba kila mwenye nyumba hutoa fitri, pishi ya mchele kwa kila kichwa, na haki hiyo ni ya Mwislamu maskini. Maskini wa Kiislamu mwaka huo ni mimi. Nikatandaza nguo mapajani. Kapu la Mwalimu likaletwa, akanuia, akamimina mchele mapajani mwangu, mzito, wa baridi, mwingi kuliko wote niliopata kuugusa tangu ghala letu liungue. Nilifikiri jambo moja tu, kwamba mama atakula leo.

"Sema, nimepokea."

"Nimepokea."

"Sasa mpe huyu jirani yangu. Sema, nakupa hiba kwa ridhaa yangu."

Nikamtazama. Akarudia, polepole, kama alivyonifundisha shahada. Nikasema. Jirani akauzoa mchele wote akautia kapuni, akanuia fitri ya nyumba yake, akaumimina tena mapajani mwangu. Nimepokea. Nakupa hiba kwa ridhaa yangu. Akaja wa tatu. Mchele ule ule ulizunguka nyumba zote za pale Mahege, kila mmoja akatimiza wajibu wake mbele ya Mungu, na kila mara uliponiondokea paja lilibaki na baridi. Mwisho ukarudi kwenye kapu la Mwalimu. Sheria ilikuwa imefuatwa. Nilipoinuka mkewe aliniambia nikung'ute nguo, na kuku wakaokota punje zilizodondoka.

Hawakuwa matajiri, hilo nalisema. Njaa ilikuwa imewafikia nao, na mchele ule ulikuwa akiba yao ya mwisho. Lau wangesema, "Mwaka huu hatuna cha kutoa," ningewaheshimu mpaka leo. Lakini walitaka mchele wao na thawabu yake pia, na wakamtafuta mtoto mwenye njaa wa kumpitishia. Kwa ajili hiyo nilisilimishwa. Walihitaji mapaja ya Kiislamu.

Mchana wakapika ubwabwa wa nazi. Sisi tulipewa ukoko, na kweli ulikuja kwenye sahani.

Sikuswali tena mpaka nilipokuwa mtu mzima. Mwalimu alinikemea, mkewe akanitisha kwa moto wa jehanamu, nikawatazama tu. Mama ndiye aliyenishangaza. Mvua zikaja, mto ukajaa, ukapungua, mpunga ukachanua, na huku mama akizidi kukonda kwa ugonjwa wa kuhara, akawa ananiomba nimfundishe yale maneno. Nilidhani njaa imemharibu akili.

"Utaingia dini ya watu hawa? Umesahau mchele?"

"Sijasahau."

"Basi?"

"Yule wanayemwita alfajiri," alisema, "mimi sijamwona akichukua mchele."

Nikamkumbusha hongo. Nikamwambia, mama, hongo naye alisema dawa ni safi, wachafu ni watu, na wewe ulimtemea mate. Mwalimu huyu na yule wana tofauti gani? Kila dawa ikishindwa kosa ni la mgonjwa. Kila dini ikinuka kosa ni la muumini. Basi kitu hicho kitajulikana kwa nini kama ni kizuri, kama hakuna hata mmoja aliyekishika kikamfanya mzuri? Nilikuwa na maneno makali kwa msichana wa umri ule, na mpaka leo sijapata mtu wa kunijibu sawasawa, na masheikh nimewauliza.

Mama hakunijibu sawasawa naye. Alisema, "Baba yako aliipenda ile dawa kwa sababu aliwapenda wenzake. Mimi simpendi yeyote hapa. Namtaka huyo wa alfajiri tu. Nimechoka, mwanangu, sina nguvu ya kusubiri watu wawe wazuri kwanza."

Nikamwambia asubiri.

Alikufa asubuhi moja, jua likiwa limekwisha panda, mpunga umebakiza siku chache kuvunwa. Ndege walikuwa wengi. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa dungu na kombeo langu na matonge ya udongo, naye amelala nyuma yangu kwenye mkeka. Akaniita.

"Nitamkishe."

Nikarusha udongo. Ndege wakaruka, wakatua mbele kidogo.

"Mwanangu. Nitamkishe, sasa hivi."

Nilijua maana ya sasa hivi. Nililijua lile neno la kwanza, na la pili, yote yalikuwa ulimini mwangu, Mwalimu alikuwa ameyaweka vizuri. Lakini nilipofumbua mdomo niliusikia uzito wa mchele ule mapajani, nikaona uso wa mkewe akicheka, nikasema moyoni kwamba huyu hawatampata. Nilidhani namlinda. Akaanza mwenyewe. "Ash..." akasema. "Ashadu..." Akapotea. Akarudi mwanzo. Alikuwa ameyasikia alfajiri nyingi, kwa mbali, juu ya maji, na yalikuwa yamemkaa vipande vipande. "Ashadu..." Nikapiga ukelele wa kufukuza ndege. Nikapiga mwingine. Nilipiga mpaka koo likaniuma, ingawa ndege walikuwa wamekwisha kuruka na shamba lote lilikuwa tupu. Nilipogeuka midomo yake ilikuwa imetulia.

Habari zilimfikia Mwalimu, akaja adhuhuri, mtumbwini, peke yake. Na hili pia lazima niliandike, ingawa silipendi. Alikuja na kitambaa cheupe kilichokunjwa. Vita vilikuwa vimemaliza nguo nchi nzima, watu walizikwa na majani, na mzee yule alikuwa na sanda moja aliyojiwekea mwenyewe kwa siku yake. Aliipandisha ngazi ya dungu kwa mkono mmoja akihema. Akakaa kitako karibu na miguu ya mama, akafuta uso.

"Alitamka?" akaniuliza.

Nikaliokota kombeo langu nikalikunja.

"Mke wangu anasema alikuwa akiuliza uliza habari za swala. Hata kidogo hakutamka? Hata nusu? Mwanangu, wewe ndiye uliyekuwa naye. Ukisema ulimsikia, inatosha. Wanawake watamwosha, mimi nitamswalia, tutamlaza na watu wetu."

Hakuwa amewahi kuniita mwanangu. Nikajua kwamba amekumbuka mkeka wa Idi, na kwamba anaomba, tena ananiomba mimi. Nilifurahi. Sijapata kusikia furaha chafu namna ile tena maishani.

"Hakutamka," nikasema.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Halafu akaichukua sanda yake, akashuka ngazi taratibu akipapasa kila kijiti kwa mguu, na jioni Wamatumbi wawili wakaja kunisaidia kumfukia mama kwenye kichuguu mahali ambapo maji hayafiki. Mwalimu sikumdanganya. Mama hakutamka, kwa sababu aliyeyajua maneno nilikuwa mimi, na mimi nilikuwa nafukuza ndege.