Programu ya Kumdanganyia Shemeji

Koili hakuzaliwa na jina hilo. Kaka zake walimpa kwa sababu tangu utotoni hakuna redio mbovu iliyompita bila kuchokonolewa, na koili, zile nyaya za shaba zilizoviringwa, alizozitoa humo alizivaa mkononi kama bangili. Alipokua akawa fundi wa mafriji, fundi kwelikweli, si wa kubahatisha. Sasa mtu wa namna hiyo ukimwibia kazi ya kichwa chake, ujue umejitafutia.

Aliyejitafutia ni shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Koili alibuni kinga ya friji, kiboksi cha kukata umeme ukipanda au ukishuka. Saketi yake, yaani mpangilio wa njia za umeme ndani ya kiboksi, aliichora kwenye kompyuta ya dada, maana hakuwa na ya kwake. Shemeji akaiona, akaihamisha kimyakimya, akaipeleka kiwandani kwake, akapandishwa cheo kuwa mkuu wa karakana. Na sherehe ikafanywa! Ukoo mzima ukala, na anayegawa sahani ni Koili huyohuyo. Shemeji akasimama na tai yake, akamshukuru Mungu, akamshukuru mkewe, akazishukuru akili zake. Koili alipomfuata pembeni, akacheka.

"Shemeji, kuchora kila mtu anachora. Mimi ndiye niliyefikiri."

Alaa!  Koili akaapa kwamba atamuumbua mtu huyu mbele ya wakubwa wake, liwalo na liwe.

Akajipatia kompyuta ya mkononi iliyochoka, akaanza kutafuta programu ya kujaribia saketi: unachora kwenye skrini, unawasha, unaona umeme unavyopita kabla hujalehemu chochote. Ya kulipia hakuiweza, na ya wizi hakuitaka. Wizi aliwaachia wenyewe. Ya kwanza ilijiita ya bure, ikamwacha achore mpaka katikati, ndipo ikadai kadi ya benki. "Mshenzi wewe," akaiambia, akaifuta. Ya pili ilikubali kila kitu isipokuwa kuhifadhi kazi. Ya tatu, jamani, ilikuwa na sura mbaya: kijivu tupu, kila namba uiandike mwenyewe, ukikosea inakufokea kwa maandishi mekundu. Lakini haikudai kitu, haikumwekea mpaka, na ukiiuliza kifaa gani kimebeba mzigo gani, inakuambia bila kupepesa macho. Koili akaipenda papo hapo.

Ya nne ilikuwa mrembo. Inafunguka kwenye intaneti, hata kuisakinisha huhitaji. Umeme unatembea kama sisimizi wa manjano, taa zinawaka, swichi unaibonyeza. Ila humo ndani hakuna kinachoungua. Rizista, kale kadude ka kupunguza umeme, ukiipa mzigo wa kuiua inaubeba tu. Ubaya si wa programu. Ilitengenezwa kuwafundishia wanaoanza. Koili aliitazama, akacheka peke yake mpaka jirani akagonga ukuta. Ile yenye sura mbaya atabaki nayo yeye. Hii ya uongo mtamu ni ya shemeji.

Akachora kinga mpya, ndogo kuliko ya kwanza, ya kutamanisha. Transfoma, ile ya kushusha umeme wa ukutani, akaiondoa, mahali pake akaweka rizista moja tu. Kwenye programu mrembo ikafanya kazi bila dosari. Akaiuliza ile kali, nayo ikamwambia wazi kwamba rizista ya kawaida hapo haiwezi, itawaka. Hilo kwenye mchoro halikuandikwa, na shemeji si mtu wa kuuliza. Koili alijua pia itajaribiwa wapi: juu ya meza ya karakana, mbele ya mabosi, penye swichi ya dharura na mtungi wa kuzimia moto. Aumbuke, asiumie mtu.

Jumapili akaenda kwa dada, akaiacha kompyuta wazi mezani, mchoro ukitembea kwenye ile programu mrembo, akaingia jikoni kumenya vitunguu. Sebuleni akasikia simu ikipiga picha. Machozi yalimtoka huku anacheka, na dada akadhani ni vitunguu.

Akangoja habari za kiwandani. Hazikuja. Kilichokuja ni simu ya mama: njooni wote, mkwe wangu ananiletea zawadi.

Mama ana ugonjwa wa sukari, dawa zake zinakaa kwenye friji, na umeme wa mtaa ule una wazimu. Watu walewale wa sherehe walijaa sebuleni. Shemeji akatoa kiboksi cheupe, kimepakwa rangi vizuri.

"Mama, hii ni mpya, hata kazini hawajaiona. Nimesema ya kwanza iwe yako."

Makofi. Koili akakijua mara moja: ni ule mchoro wake wa mtego.

"Nipe nichomeke mwenyewe," mama akasema. "Zawadi si yangu?" Akaung'oa waya wa friji ukutani, akainama na plagi ya kiboksi mkononi, pazia likimgusa bega.

Nisikufiche: kwa kitambo kidogo Koili alilitazama tabasamu la shemeji, akatamani kuona. Kisha akaruka, akamshika mama mkono.

"Mama, acha! Itaungua!"

"Wivu huo," shemeji akasema. "Mnauona?"

Mjomba akamgeukia Koili. "Umejuaje itaungua, na hata hujaifungua?"

"Kwa sababu niliichora mimi. Na niliichora iungue."

Shemeji akaruka juu. "Mmesikia? Nyoka huyu! Nimenakili kila kitu kama alivyochora, kumbe alinitegea!"

 Shemeji akaufumba mdomo, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

"Kwa hiyo alichora yeye," mjomba akasema. "Na ile ya kwanza?"

Dada ndiye aliyejibu, bila kuinua macho. "Na ile ya kwanza."

Koili akakibeba kiboksi uani, akakiweka juu ya saruji, akakichomeka kwa waya mrefu. Kikafuka moshi, kikapasuka, kikawaka. Ukoo ulimcheka shemeji waziwazi, yeye na tai yake. Koili alikuwa ameyangoja haya tangu siku ya sherehe, na yalikuwa matamu, asikudanganye mtu, matamu hasa.

Aliporudi ndani, mama alikuwa bado amekaa kando ya friji.

"Na kama leo usingekuja?"

 

Mama akamwita dada aje kuurudisha waya wa friji ukutani. Koili akanyoosha mkono auchukue, si ndiye fundi wa nyumba? Mama akausogeza mkono ule pembeni, taratibu, akaendelea kumsubiri dada.