Siku Skramu Iliponifikisha kwa Mama Mkwe

Jamani, nina aibu na sitaificha. Mitunguu nzima inasimulia habari hii, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi (kuna mtu wa Nkubu aliyeapa mbele yangu kwamba siku hiyo nilibaki uchi wa mnyama, na mimi ninajua kaptura ilipasuka mahali pamoja tu), kwa hiyo afadhali muisikie kutoka kwangu.

Mimi ni mwalimu wa Kilimo katika shule ya kutwa hapa kwetu, na nilichokuwa nataka ni kitu kimoja, timu ya raga. Nilikuwa na vijana ishirini waliokuwa wakija uwanjani kila jioni na mpira wa kuazima, lakini wazazi walikataa katakata, wakisema raga ni vita na mtoto atavunjwa shingo. Aliyepinga kuliko wote alikuwa mwenyekiti wao, na huyo mwenyekiti, kwa bahati yangu mbaya, ni mama mkwe wangu, mama yake mke wangu Kagendo. Kwetu huku mtu anaweza kufanya mzaha na kila mtu lakini si na mama mkwe. Ukimwona njiani unachomeka shati, unapunguza sauti, na ukila mbele yake unakula kama mgonjwa.

Sasa kuna Wasswa. Huyu ni Mganda aliyeoa hapa, mkubwa wa wanaume wanaopakia ndizi kwenye malori pale sokoni, na kila mara timu za taifa za Kenya na Uganda zinapokaribia kukutana kwenye raga, mimi na yeye tunabishana kibandani mpaka chai inapoa. Mimi nilikuwa nikimwambia nguvu ya Kenya ni mbio, sisi watu wa milimani tuna mapafu (msiniulize Mitunguu kuna mlima gani, hapa ni joto na migomba tu). Yeye alikuwa akikoroga chai na kujibu polepole kwamba mbio ni za mtu mmoja, lakini timu hujengwa mbele kwenye skramu, pale watu wanane wa kila upande wanapoinama, wakashikana na kusukumana kuwania mpira, na kwamba Uganda wanajua kusukuma pamoja. Nilimwambia hiyo ni kazi ya ng'ombe.

Basi mechi ya Kenya na Uganda ikaangukia Jumamosi ile ile ya mkutano wa wazazi, nami nikaona hiyo ndiyo nafasi. Nilimwomba mwalimu mkuu turuhusiwe kuwaonyesha wazazi skramu moja tu, walimu wakiwa Kenya na wapakiaji wa Wasswa wakiwa Uganda (ingawa saba kati yao ni wenyeji, Waimenti waliozaliwa hapa hapa na Uganda hawajaiona hata kwa picha), kisha wazazi wapige kura, kisha wote tuingie bwaloni tuangalie mechi kwenye televisheni. Alikubali, lakini alisema hiyo ndiyo nafasi ya mwisho, wakikataa tena nisimletee habari ya raga.

Uwanja wetu ni mgumu kama sakafu, na nilijua mzazi mmoja akisikia goti likigonga chini kura imekwenda. Nikaamua niulainishe. Maji ya kunyunyizia mashamba hapa huja kwa zamu, na Jumamosi asubuhi ilikuwa zamu ya nyanya za mke wangu, lakini kwa kuwa shamba letu linapakana na uwanja nilimbembeleza Kagendo mpaka akanipa, nikavuta mabomba, nikafungulia. Saa moja ingetosha, hilo ninalifundisha darasani. Lakini wageni walikuja mapema, nikaanza kubeba viti, kisha mama mkwe akafika na akina mama wenzake na sufuria kubwa ya mukimo, viazi na mahindi vilivyopondwa pamoja, chakula cha wageni, nikaenda kujificha nichomeke shati, na nilipokumbuka maji yalikuwa yametiririka saa tatu nzima.

Kwa juu nyasi zilionekana nzuri. Chini yake ulikuwa uji. Ningesema pale pale tuahirishe, lakini niliwaona vijana wangu ishirini wamesimama kwa mstari, nikajiambia hakuna kurudi nyuma.

Wasswa alipokanyaga alivua viatu, na wenzake wakavua vyao. Akanijia na kuniambia kwa sauti ya chini, kwa heshima ya Kiganda, "Mwalimu, ssebo, toeni viatu. Hapa mtu anasimama na vidole." Mimi nilikuwa nimenunua raba mpya, nyeupe, soli laini kabisa. Nikamjibu kwamba Kenya haichezi miguu mitupu.

Tukainama, tukashikana, mwalimu wa Hisabati, refa wetu, akapuliza kipenga, tukasukuma. Mkiwa mle ndani kichwa kiko chini na huoni chochote isipokuwa magoti ya watu. Nilisikia wazazi wakipiga kelele na nikadhani wanatushangilia, kwa hiyo nikazidi kupaza sauti, sukumeni walimu, hawa wamechoka, sukumeni, na walimu maskini walisukuma kweli, ila miguu yetu ilikuwa ikiteleza na tulikuwa tunakwenda kinyumenyume kuelekea kwenye hema la wageni. Refa alikuwa ameanguka na kipenga kimejaa matope. Wasswa aliniambia baadaye kwamba alikuwa akingoja mtu aseme basi, na mtu pekee aliyekuwa akisema kitu ni mimi.

Wenzangu walinasa kwenye kamba za hema. Mimi nikaachiwa nikapita, kaptura ikapasuka nyuma kuanzia kiunoni, nikaketi ndani ya sufuria ya mukimo. Nilipoinua macho, aliyesimama mbele yangu na mwiko mkononi alikuwa mama mkwe.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mama aligeuza uso pembeni, akafungua leso yake ya kiunoni na kunitupia bila kuniangalia. "Jifunike, mwalimu," akasema.

Ndugu zangu, nilitaka kukimbia nisirudi. Lakini ningekimbia, kura ingepigwa nikiwa mbioni, na wale vijana wangerudi nyumbani na mpira wao wa kuazima. Nikajifunga leso, nikasimama mbele ya wazazi wote mukimo ukinidondoka, nikawaambia tulikuwa kumi na sita na wahesabu shingo, zote ziko, na kosa la maji ni langu, si la raga. Kisha nikamwomba Wasswa awaonyeshe skramu kwa kuwatumia vijana, upande wa juu ambao maji hayakufika.

Wasswa aliwapanga, akawaonyesha wakamate wapi na waweke vichwa wapi, akawahesabia kama anavyowahesabia wenzake wakiinua mkungu mzito, na vijana wakavuta pumzi pamoja na kusukuma pamoja, polepole, hakuna aliyeanguka. Nikiwa pale na leso yangu nilielewa alichokuwa akiniambia kibandani. Mimi nilileta wanaume wanane wenye nguvu, kila mmoja akisukuma kwake. Yeye alileta timu.

Wazazi walinong'onezana, kisha wote wakamwangalia mwenyekiti. Mama mkwe alifuta mwiko taratibu.

"Hakuna mtoto ameumia," akasema. "Ni mwalimu tu ameharibika. Timu iwe, lakini afunze huyu mtu wa ndizi."

Mikono ikapanda. Mechi yenyewe sikuiona, nilikuwa nyumbani najimwagia maji ambayo kwa haki yalikuwa ya nyanya.

Kwa mama mkwe nilipeleka mbuzi, maana aibu kama ile haioshwi kwa maneno. Na nimeapa kwamba mtu anayejua kazi akiniambia nivue viatu, nitavua hata soksi. Sasa kila jioni Wasswa anafundisha na mimi ninainama katikati ya vijana nikijifunza kusukuma na kunyamaza, na nawaambia mapema, mwaka huu hakuna shule itakayoturudisha nyuma.

Mama alimpokea yule mbuzi akiwa bado ameangalia pembeni. Akauliza watoto wanacheza lini. Nikamwambia Jumamosi. Akasema atakuja, lakini mimi nikae ng'ambo ile nyingine ya uwanja.