Mstari Usiopakwa Njano

Marlys Tuominen aliandika masomo ya kompyuta kwa watu wasiojua hata pa kuanzia. Kwake katika mji wa Thunder Bay, theluji ikiwa imejaa hadi mlangoni, alijenga programu hatua kwa hatua, na katika kila hatua mistari ya programu iliyobadilika aliipaka njano ili mwanafunzi ajue cha kugusa. Kazi safi, nani abishe! Lakini kazi safi haina asante. Walioelewa walipita zao, wala hakuna aliyemkumbuka.

Basi siku moja akapitiwa. Katika somo la kutengeneza kikokotoo, hatua ya nne, alibadilisha mstari akasahau kuupaka rangi. Wanafunzi wakauruka, programu ikagoma, barua pepe zikamiminika. "Mwalimu, nimekwama." "Mwalimu, nifanyeje?" Marlys alimjibu kila mmoja, akauliza na habari za baridi ya huko, na za watoto. Weee, alivyofurahi! Tangu astaafu shule hakuwahi kuitwa Mwalimu namna ile.

Dale, mwanafunzi wake wa zamani aliyeendesha tovuti ya masomo hayo, akampigia simu.

"Mwalimu, hatua ya nne umesahau rangi. Nikupakie?"

"Acha, nitapaka mwenyewe."

"Lini sasa? Juzi ulisema hivyo hivyo."

"Dale, usinikimbize! Kujumlisha nimekufundisha mimi."

Dale akacheka, akaaga. Marlys hakupaka. Mtu mzima ovyo, utasema. Lakini kwanza ule chakula cha jioni peke yako majira mazima ya baridi, ndipo useme.

Kati ya waliokwama, aliyemzoea zaidi ni Gordie, mwoka mikate wa mji wa Moose Jaw.

"Mwalimu, kichwa changu gogo kabisa," aliandika.

"Hata gogo huchipua," akamjibu.

Wakawa wanataniana hivyo kila siku. Na Marlys, badala ya kumwonyesha mstari wenyewe, alimpa kidokezo leo, kidokezo kesho, ili asiache kurudi.

Asubuhi moja Gordie akaandika: "Nimeacha, Mwalimu. Mke wangu alisema tangu mwanzo kwamba mambo haya si ya watu kama mimi, na kweli. Asante kwa kunivumilia. Wewe huna kosa."

Marlys akaisoma hadi mwisho. Jamani, aibu! Alikuwa amemwacha mtu ajione mjinga ili yeye apate wa kuzungumza naye. Akaandika mbiombio: Gordie, kosa ni langu, mstari ni huu hapa, na nilijua muda wote; nisamehe, rudi. Kisha akafungua somo, akaupaka mstari ule njano.

Gordie hakujibu. Marlys akamwandikia tena, wapi!

Wanafunzi wapya sasa wanavuka hatua ya nne bila kujikwaa. Kila asubuhi Marlys anafungua barua zake kabla hata ya kahawa. Hakuna aliyekwama.